Timu ikinuna: michezo ya mazoezini iliyorudisha kelele uwanjani

Timu iliyopoteza ari unaitambua kwa masikio kabla hata hujatazama msimamo wa ligi. Wachezaji wanafunga kamba za viatu bila kutaniana. Mipira inamwagwa kutoka kwenye mfuko na hakuna anayekimbilia hata mmoja apige danadana. Ukipuliza filimbi wanasogea, ila wanasogea kwa kuburuta miguu, na yule mchekeshaji ambaye hakosekani kwenye timu yoyote anatazama chini kama wenzake.

Nimefundisha soka la ngazi ya chini kwa muda mrefu, ngazi ambayo mchezaji anatoka kazini au darasani, anabadilisha nguo pembeni ya uwanja na halipwi chochote. Mtu wa namna hiyo akiacha kufurahia mazoezi, haji tena. Hakuna mkataba wa kumrudisha. Kwa hiyo suala la ari kwangu lilikuwa la vitendo kabisa: kesho nitapata watu wa kutosha kucheza, au nitabaki na kipa na koni?

Makocha wengi wakiona timu imenuna huongeza mbio. Wengine hufanya kinyume, hutangaza siku ya burudani, watu wanacheka saa moja, na mazoezi yanayofuata sura ni zilezile. Njia zote mbili nimeziona kwa karibu na sizipendi. Kadiri nilivyokaa na timu zilizofungwa mfululizo ndivyo nilivyoona kwamba ndani ya timu kama hiyo kuna watu wawili watatu wanaobeba lawama zote, na wengine zaidi ya kumi ambao hakuna anayewatazama kabisa. Beki wa akiba. Kiungo anayeingia dakika ya 85. Kipa namba mbili. Hao ndio wanaozima kwanza, na wakizima wao, mazoezi yanapoa, maana ndio wengi. Mchezo unaoinua timu ni ule unaowatoa hao mafichoni, wahesabike. Kicheko kinakuja chenyewe.

Kuna jaribio la zamani ambalo hulifikiria kila ninapopanga mazoezi. Mwaka 1913 mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha matokeo ya vipimo vyake vya watu wanaovuta kamba. Alikuta kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka, ndivyo kila mmoja anavyotoa nguvu kidogo kuliko angevuta peke yake. Walipofika 8, wastani wa kila mtu ulikuwa umeshuka hadi karibu nusu ya uwezo wake. Sehemu ya upungufu huo ni kukosa mpangilio tu, huyu anavuta wakati yule anapumua. Lakini mwaka 1974 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Alan Ingham walirudia jambo hilo kwa ujanja: walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamweka mbele ya kamba, nyuma yake wakaweka watu wanaojifanya kuvuta. Hakukuwa na mpangilio wa kuvurugika, kwa kuwa aliyekuwa akivuta kweli ni yeye peke yake. Bado alilegeza. Kuamini tu kwamba nyuma kuna wengine kulitosha.

Sasa fikiria mechi ya mazoezi ya 11 kwa 11, ile ambayo wachezaji wenyewe huiomba. Mchezaji aliyekata tamaa anaweza kumaliza nusu saa nzima akiwa amegusa mpira mara chache mno, na hakuna atakayejua. Ana pa kujificha. Nikaanza kwa kuziondoa mechi kubwa kwenye wiki mbaya, na mahali pake nikaweka kitu tulichokiita ligi ya mtu mmoja mmoja.

Inakwenda hivi. Wachezaji 16 wanagawanywa timu nne za watu wanne. Viwanja viwili vidogo, kila kimoja kama mita 25 kwa 20, magoli ya koni yenye upana wa hatua mbili, hakuna kipa. Dakika 5, filimbi, timu zinavunjwa na kupangwa upya. Timu ikishinda, kila mmoja wao anapata pointi 3. Ikitoka sare, pointi 1. Na kila goli la timu linawapa wote wanne pointi 1 zaidi, awe amefunga nani. Mfungaji hana cha ziada. Makundi ya raundi zote 6 kwa kawaida nayaandika nyumbani, na jambo moja silegezi: sijawahi kuruhusu manahodha wawili wasimame mbele na kuchagua watu mmoja mmoja. Anayebaki mwisho kwenye kuchaguliwa hakuna mchezo utakaomfurahisha tena siku hiyo.

Mwishoni nasoma msimamo, nafasi tano za juu tu. Mara ya kwanza nilipousoma, jina la juu kabisa lilikuwa la beki mmoja wa kushoto ambaye msimu ule alikuwa akiingia uwanjani kwa nadra. Kulikuwa na kimya kidogo, kisha mtu akapiga mluzi, kisha wote wakamrukia. Mshambuliaji wetu, yule anayebeba jezi ya namba tisa, hakuwemo kwenye tano bora. Alikuja akasimama nyuma ya bega langu akichungulia daftari, kurasa zikiwa zimelowa jasho la mkono wangu, akaanza kujumlisha kwa kidole.

"Kocha, hii raundi ya tatu umeandika vizuri kweli?"

"Mmefungwa nne bila."

"Lakini mimi nilicheza vizuri."

"Hesabu ni ya timu."

Aliondoka akinung'unika, na mazoezi yaliyofuata alikuwa wa kwanza kufika na kuuliza kama kuna ligi tena. Yule beki naye, kitu nilichokiona kwake kilikuwa kidogo lakini cha maana: alianza kuomba mpira. Kunyoosha mkono na kuita pasi ni jambo ambalo mchezaji wa benchi hulipoteza kimyakimya, na kocha anaweza kukaa nusu msimu bila kugundua.

Kwa nini mchezo huu unamtoa mtu asiyetarajiwa? Kwa sababu timu zinabadilika kila dakika tano, anayefika juu ni yule ambaye popote anapowekwa, wenzake wanacheza vizuri zaidi. Chenga nyingi hazimsaidii mtu. Mara nyingi msimamo umenipa jina la kuanzisha kwenye mechi halisi, jina ambalo nisingelifikiria. Idadi isipogawanyika sawa, mmoja anakuwa wa pande zote, anacheza na timu yenye mpira, na raundi hiyo anahesabiwa kama aliyetoka sare. Watabishana kuhusu hilo. Waache wabishane.

Kuhusu kupasha misuli, hapo ndipo michezo ya kitoto inapokaa vizuri, na wala hakuna haja ya kuona aibu. Mwaka 2018 kule Urusi, timu ya taifa ya Uingereza ilipigwa picha kabla ya mechi yake na Ubelgiji ikifukuzana na kurushiana kuku wa mpira, ile midoli inayopiga kelele ukiibana. Watu wazima, baadhi yao miongoni mwa wachezaji ghali zaidi duniani, wanakimbia huku wakicheka na kuku mkononi. Kikosi hicho kilifika nusu fainali. Sisemi ni kwa sababu ya kuku. Nasema tu kwamba kocha wao, Gareth Southgate, hakuona kuwa kombe la dunia ni jambo zito mno kiasi cha kukataza kucheka.

Mchezo wetu ni wa mikia. Kila mtu anachomeka kizibao nyuma ya bukta, kining'inie kama mkia, na ndani ya mraba wa mita 15 kila mtu anawinda mikia ya wenzake huku akiulinda wake. Unafundisha kugeuka, kushuka kiuno, kutazama nyuma ya bega, vitu vilevile ambavyo beki anavihitaji. Sharti langu ni moja: aliyenyang'anywa mkia hatoki. Anaendelea kuwinda hadi apate mwingine. Nina chuki ya muda mrefu na michezo ya kutolewa nje, kwa kuwa anayetoka wa kwanza siku zote ni mzito, mgeni au aliyetoka kuumia, yaani yule yule aliyehitaji kucheza zaidi, na sasa amesimama pembeni anapoa akiwatazama wenye kasi wakifurahi. Ukitaka kuua ari ya mtu dhaifu kwa jina la burudani, njia ni hiyo.

Ila usiwaachie wafukuzane mwili ukiwa baridi. Misuli ya nyuma ya paja haijui kwamba huu ni mchezo tu. Mtu anachomoka ghafla kukwepa, na anakosa mwezi mzima. Sisi tunaanza na sehemu ya kwanza ya programu ya FIFA 11+, mazoezi ya kupasha misuli yaliyotungwa ili kupunguza majeraha, yaani zile mbio nyepesi na kufungua nyonga zinazochukua kama dakika 8, halafu ndipo mikia. Programu nzima ina dakika kama 20, na wiki yenye mazoezi mazito tunaimaliza yote.

Siku nyingine tunapasha misuli kwa mdundo. Watu wanasimama mduara, mmoja anapiga makofi, wote wanaruka hatua kwa mdundo wake, kisha wa pembeni yake anaongeza hatua moja, na inayofuata, na inayofuata, mpaka mpangilio unavunjika na watu wanaangukiana. Nilianza kuutumia baada ya kusoma utafiti wa mwaka 2010 wa wapiga makasia wa chuo kikuu cha Oxford. Walipofanya mazoezi kwa pamoja, wakivuta kasia kwa mwendo mmoja, walistahimili maumivu zaidi baadaye kuliko walipofanya kazi ileile kila mtu peke yake. Watafiti walihusisha jambo hilo na kemikali za mwili zinazopunguza maumivu na kuleta raha. Kikundi kilikuwa kidogo na sitaki kukiegemea sana. Nilichokiona mimi ni chepesi zaidi: ni vigumu sana kuendelea kumnunia mtu ambaye umetoka kuruka naye kwa mguu mmoja.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa kufumba macho, na nitaukalia kidogo.

Soka la wasioona lipo kwenye michezo ya Paralimpiki tangu Athens 2004. Wanacheza watano kila upande, wa ndani wote wamefunikwa macho, mpira una vitu vinavyolia ndani yake, kipa anaona, na nyuma ya goli la wapinzani kuna mwelekezaji anayewaita washambuliaji wake. Anayemkabili mwenye mpira lazima apaze sauti na kusema "voy" ili ajulikane alipo. Brazil walichukua kila dhahabu kuanzia Athens hadi Tokyo, na mjini Paris mwaka 2024 ndipo mfululizo huo ulipokatika, dhahabu ikaenda kwa Ufaransa. Ukiwahi kuitazama mechi moja, utajua kwamba uwanja mzima unaendeshwa na sauti.

Sisi hatuchezi mechi yenyewe, kwa kuwa wachezaji wanaoona wakifunikwa macho ghafla watagongana vichwa. Tunafanya kwa jozi. Mmoja amefungwa kitambaa, ana mpira, mbele yake kuna koni tano na goli dogo. Mwenzake amesimama nje ya mstari na anaruhusiwa kutumia mdomo tu. Kila jozi ina njia yake, zimeachana vya kutosha, na mwendo ni wa kutembea. Mpira hauna kengele, basi tunauvika mfuko wa plastiki mwembamba na kufunga fundo. Unachakacha ukiviringika, na hilo linatosha kabisa.

Kiungo wetu mzoefu, mtu ambaye kwenye mechi husema kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho, alikuwa mwelekezaji mbaya kupita wote. "Nenda, nenda, kushoto, hapana, kushoto kwako, aa, rudi, si huko!" Mwenzake aliishia kwenye njia ya jirani akipiga chenga hewa. Jozi iliyomaliza kwanza ilikuwa ya kipa namba mbili, kijana mkimya kiasi kwamba wengine walikuwa hawajui sauti yake ilivyo. Alikuwa akisema maneno mawili, anasubiri, anasema mengine mawili. "Hatua mbili. Simama. Kulia kidogo. Goli liko usoni, piga." Walirudia, wakabadilisha jozi, na kila aliyeongozwa naye alifika. Kufikia mwisho watu walikuwa wakigombania kupangwa naye.

Sitasema alibadilika siku ile. Nje ya uwanja alibaki mkimya vilevile. Lakini mabeki walianza kumtaka aongee. Kwenye kona za mazoezini nikasikia mmoja akigeuka na kumwambia, "Tuelekeze basi kama siku ile." Kazi hiyo nisingeweza kuifanya kwa hotuba.

Kuna mambo mengine nitayapita haraka maana yanajieleza. Kubadilishana nafasi: kipa anakwenda mbele, mshambuliaji anavaa glavu, beki wa kati anakuwa winga. Dakika 15 zinatosha, na mshambuliaji aliyepigwa mashuti kumi ya karibu huacha kumfokea kipa kwa muda fulani. Mechi ya mguu dhaifu tu: wenye ufundi wanashuka, wasio nao wanapanda, na wote wanakutana katikati. Mbio za mstari mmoja, ambapo wa nyuma anapita mbele na kuamua kasi mpaka koni inayofuata, ni za ukoo wa fartlek, mbio za kupandisha na kushusha kasi zilizobuniwa na kocha wa Uswidi Gösta Holmér miaka ya 1930. Watu hukimbia mbali zaidi kwa namna hiyo bila kulalamika, kwa kuwa mateso wanapangiwa na mwenzao na zamu yao ya kulipiza inakuja.

Mechi za hadithi, hizo zinastahili maelezo zaidi. Unaigawa timu mara mbili na kila upande unapewa kadi yenye hali yake. "Mko mbele bao moja, zimebaki dakika 6, mmoja wenu katolewa kwa kadi nyekundu." Upande wa pili: "Sare haiwafai, mkipoteza mnashuka daraja." Nje ya hapo mnacheza kawaida. Nashangaa kila mara jinsi watu wazima wanavyoingia ndani ya hadithi kwa sekunde chache. Wenye bao moja wanaanza kupoteza muda, kuanguka ovyo, kwenda kwenye kibendera cha kona. Wengine wanamzonga mwamuzi, ambaye ni mimi. Wanacheka na huku wanajifunza kumaliza mechi, somo ambalo ukilifundisha ubaoni watu husinzia. Wakati mwingine naongeza kadi moja ya siri kwa mtu mmoja tu: "Kila mwenzako akifanya jambo zuri, msifie kwa jina lake, kwa sauti." Mwishoni wengine wanakisia nani alikuwa nayo. Mara moja walimtaja mtu ambaye hakuwa na kadi yoyote. Ndivyo alivyokuwa siku zote, ila hakuna aliyekuwa amemsikiliza.

Na kuna dakika 20 za benchi. Wachezaji watatu ambao hawakucheza mechi iliyopita wanapewa mazoezi waendeshe wao. Nawaambia siku mbili kabla, wapate muda wa kufikiri, na siingilii hata wakifanya kitu nisichokielewa. Wengine huja mikono mitupu na kuomba mechi, basi. Lakini kundi moja lilikuja na karatasi iliyochorwa kwa kalamu ya rangi mbili, mishale kila upande, na sheria yao ilikuwa kwamba goli halihesabiwi kama mchezaji yeyote wa timu inayofunga bado yuko nyuma ya mstari wa kati. Mwanzoni ilikuwa fujo tupu. Mtu anafunga, wote wanageuka kutazama nyuma, na kule mbali beki mmoja mvivu anatembea. Kelele alizopigiwa! Baada ya dakika kumi timu nzima ilikuwa ikipanda kama kitu kimoja, jambo nililokuwa nikilihubiri tangu maandalizi ya msimu bila mafanikio. Sheria hiyo bado naitumia, na imebaki na jina la aliyeibuni. Nikitaja jina lake tu, wachezaji wapya wanaambiwa na wenzao inachezwaje.

Yapo yanayopendekezwa sana ambayo sikubaliani nayo. Adhabu kwa wanaoshindwa, kwa mfano: wapige pushapu, wabebe mipira, wafanye kituko mbele ya wenzao. Timu imetoka kufungwa Jumamosi, kisha unaitengenezea njia nyingine ya kushindwa na kuaibika siku ya mazoezi? Ushindani wenyewe unatosha. Mshindi apewe haki fulani, achague mchezo wa wiki ijayo, na aliyeshindwa aende anywe maji. Michezo ya kubebana mgongoni nayo naikwepa, kwanza kwa sababu ya magoti, pili kwa kuwa si kila mtu anapenda kushikwashikwa, na mtu hapaswi kujieleza mbele ya kundi kwa nini hataki. Na kocha anayecheza kila mchezo akitaka kuwa kivutio, huyo anajifurahisha mwenyewe. Mimi naingia tu idadi ikipungua. Kipaji changu kilikwisha zamani, nimepigwa tobo na kila aliyewahi kupita kwenye timu, na nadhani kwa baadhi yao hiyo ndiyo kumbukumbu bora ya msimu.

Wakati nao una maneno yake. Mazoezi ya kwanza baada ya kipigo kizito hayafai kuanza na mikia. Watu wana hasira na wana haki ya kuwa nazo. Ukiwarukia na mchezo wa kitoto wanaona unawadharau. Tunaketi kwanza, dakika kumi, kila anayetaka anasema, halafu rondo, mduara wa pasi na wawili katikati, mchezo usiohitaji mtu awe na furaha ili aucheze. Mguso mmoja, mguso mmoja, mtu anapigwa tobo katikati, na hapo mara nyingi ndipo kicheko cha kwanza kinapotoka. Ligi ya mtu mmoja mmoja inakuja mazoezi yanayofuata. Siku moja kabla ya mechi nachagua kitu kifupi kisicho na kugongana, mara nyingi mikwaju ya penalti kwa timu mbili. Na kwa vyovyote vile nakata mchezo wakati bado wanautaka. Wakiomba dakika tano zaidi siwapi. Katika mazoezi ya dakika 90, michezo hii haizidi nusu saa. Zilizobaki ni kazi ya kawaida, na kazi hiyo hubadilika sura kwa sababu ya nusu saa ile.

Mipaka ipo pia. Tulikuwa na mabeki wawili wa kati ambao hawakuwa wakisemezana. Niliwapanga timu moja kwenye ligi, nikawapanga jozi ya kufumba macho, na walimaliza kila kitu kwa ukimya wa adabu, wakipigiana pasi kama watu wanaorudishiana mzigo. Hakuna mchezo ulioligusa. Ilibidi nikae na kila mmoja peke yake, na nikakuta chanzo hakihusiani na mazoezi hata kidogo: mmoja aliamini mwenzake ndiye aliyenieleza asipangwe kwenye mechi fulani. Uamuzi ule ulikuwa wangu, nikasema hivyo mbele yao wote wawili, na nikaeleza sababu. Vivyo hivyo mchezaji anayenuna kwa kukosa nauli, au kwa kuahidiwa namba asiipewe, humchekeshi kwa mkia wa kizibao. Mpe jibu lake kwanza.

Swali ambalo makocha wenzangu huniuliza zaidi ni wakati gani wa kuacha, timu ikishaanza kushinda. Siachi. Michezo hii ikitokea tu baada ya vipigo, wachezaji wanaisoma haraka: daftari likitoka, ujue kocha anaona tumeharibikiwa. Kwa hiyo wiki ya ushindi daftari linatoka vilevile, siku ileile, na mara nyingi wiki hizo ndizo zenye ubishi mkubwa zaidi, kwa sababu walioanza mechi wanataka kuthibitisha walistahili na wa benchi wanataka kuonyesha hapana. Kinachobadilika ni nani anapanga raundi. Wakiwa wameshinda, makundi ya raundi zote sita wanapanga wao wenyewe, bila kuchaguana mmoja mmoja, na mimi nabaki na filimbi na kujumlisha.